Kofi Nililompiga Anselmi

Wa kwanza kumpiga Anselmi nilikuwa mimi. Watu wa Mlagale wakisimulia habari ile huanza na Mikaeli na rungu lake, au na yule mwanamke aliyeokota jiwe la kusagia. Mimi hunitaja mwishoni, fundi wa mjini aliyeokoa daftari. Wananisifu. Nikipanda kule wananifungia mkungu wa ndizi na karoti nisizoweza kubeba. Basi leo nasema mwenyewe: kabla ya rungu na kabla ya jiwe kulikuwa na kofi, na kofi lile lilitoka kwenye mkono huu ninaoandikia.

Naitwa Witness. Nimezaliwa Dumila, baba yangu alikuwa anaziba pancha pale njia panda, na hasira nadhani nilizipata pale pale, kwa kujibizana na madereva tangu nina miaka saba. Mwaka 2003 nilikuwa na karakana ya kompyuta Morogoro mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Shakila. Miaka ile milango ya biashara yote ilikuwa imefunguliwa. Kompyuta za mtumba zilikuwa zinaingia kwa makontena, kila mtu ananunua, na mafundi wa kuzifahamu tulikuwa wa kuhesabika. Wa Linux nilikuwa peke yangu. Mwalimu mmoja wa Mzumbe ndiye aliyenifundisha, kisha akahamia Dar akaniacha na diski zake.

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hauuzwi. Programu zake huja zimefungwa katika vifurushi. Ukitaka programu, unaiamuru mashine iingize kifurushi chake. Usipoitaka, unaiamuru ikitoe, na kutoa kuko kwa namna mbili. Kuna kuondoa: programu inakwenda lakini kumbukumbu zake zinabaki, ukiirudisha kesho inakuta vitu vyake palepale. Na kuna kung'oa: inakwenda na folda zake, na mipangilio yake, na kila ilichowahi kuandika. Mimi nilikuwa mtu wa kung'oa. Masalia kwenye mashine yalikuwa yananiudhi kuliko vyombo vichafu, na nilikuwa najisifia jambo hilo mbele ya wateja.

Mlagale ni kijiji cha juu milimani, saa mbili na nusu kwa miguu kutoka Mkuyuni, magari yanapoishia. Kuna kanisa la mawe, zahanati, na mtambo mdogo wa maji ambao mapadri waliufunga mtoni, unaotoa umeme wa kutosha taa na redio. Watu wake wanalima kabichi na karoti kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili. Zamani hawakugombania mabonde. Mboga zilikuwa nyingi, mnunuzi hakuna, zinaoza. Ila biashara ilipoachiwa huru, malori ya Dar yakaanza kuja yenyewe mpaka Mkuyuni kutafuta kabichi, na kipande cha bonde chenye maji mwaka mzima kikawa kitu cha kuulia mtu.

Sitii chumvi. Februari ya mwaka ule watu wa ukoo wa Mikaeli na watu wa ukoo wa Stambuli walikutana na mapanga kwenye bonde la Luhembe. Mpwa wa Stambuli aliacha vidole vitatu kwenye tuta la kabichi. Dada yake Mikaeli alipigwa jembe la kichwa. Hakufa, lakini mpaka leo hajamaliza sentensi. Siku ya tatu ofisi ya kijiji ikachomwa moto mchana kweupe, na daftari la karatasi lililoonyesha mipaka ya mashamba yote likaungua humo. Kila upande uliapa kwamba ni upande ule mwingine.

Ndipo Mzee Laurenti, mwenyekiti wa umoja wao wa wakulima wa mboga, akateremka mjini kunitafuta. Padri mmoja mgeni alipostaafu alikuwa amewaachia kompyuta, imefunikwa kitambaa tangu aondoke. Nikapanda kuifanyia kazi. Niliweka Linux, nikaandika programu ya kutunza mashamba: shamba la ukoo gani, linaanzia mti gani, linaishia jiwe gani, jirani ni nani. Nikaifunga kuwa kifurushi, nikakiita Daftari. Mzee Laurenti alitangaza kanisani kwamba sasa daftari limehamia ndani ya mashine na halichomeki tena. Walipiga makofi. Karatasi walikuwa wameikatia tamaa. Mashine waliiamini, na mimi niliwaacha waiamini.

Karani wao alikuwa Anselmi, mtu wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mpole kupita kiasi, anayeandika kwa vidole viwili na ulimi nje. Kwa wiki mbili alikuwa ameelewa mambo yaliyonichukua mimi mwaka. Hakuwa na mke bado. Aliishi na mama yake, Bi Filomena, ambaye kila nilipokuja alikuwa ananichemshia viazi vikuu na kuniuliza kama mjini watu wanakula.

Jina alilobatizwa lilikuwa Amani. La Anselmi alilipata akiwa na miaka ishirini na mbili, siku walipomaliza matanga ya mjomba wake. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, wenyewe wanauita lukolo, na ukoo unafuata mama. Mtu akifa jina lake haliachwi wazi. Ukoo unakaa, unamchagua mpwa au mjukuu, unamvisha jina la marehemu, na jina linakwenda na shamba, na heshima, na kila kitu. Niliwahi kumsikia bibi wa miaka themanini akimwita Anselmi kaka, kwa sababu marehemu alikuwa kaka yake. Anselmi akaitika kama kaka mtu, bila kucheka. Mimi ndiye niliyecheka. Niliona ni mila tu ya wenyewe, na kazi yangu haihusiani nayo.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro, kwa hiyo mwezi wa saba niliandika nyingine bora, nikaiita Mipaka. Nilimtumia Anselmi diski na barua: ingiza kifurushi hiki kipya, hamishia mashamba yote humo, kuanzia sasa andika kwa Mipaka. Daftari usiliguse, nitakuja kuling'oa mwenyewe. Akanijibu kwa barua fupi kwamba amefanya, na kazi inakwenda vizuri.

Na kweli ilikwenda. Kuanzia mwezi huo mpaka wa kumi, Mzee Laurenti aliwatembeza watu wa Mikaeli na watu wa Stambuli bonde zima la Luhembe, jiwe kwa jiwe, wakibishana, wakisusa, wakirudi, na kila walipokubaliana Anselmi alikwenda kuandika. Nakala ya akiba haikuwepo. Nilikuwa nimemwachia diski laini kumi za kuhifadhia, na ukungu wa milimani ukazila zote kabla ya mwezi wa nane. Alinitumia salamu nimpelekee nyingine. Nilisema nitapeleka. Nilisahau.

Siku ya kutoa karatasi ilikuwa Jumamosi. Kila kaya ilikuwa ipewe ukurasa wake, isomewe hadharani, na ugomvi uishe hapo. Nilipofika saa nne asubuhi nilikuta watu kama mia mbili kwenye uwanja wa ofisi ya umoja, mashine ilipokuwa inakaa. Watu wa Mikaeli walikaa upande wa kanisa, wa Stambuli upande wa tangi la maji, na katikati pamebaki uwazi ambao hata mbwa hakuukatiza. Karibu kila mwanamume alikuwa na panga. Walisema wametoka shamba. Mapanga yalikuwa makavu.

"Shikamoo mzee," nilimwambia Mzee Laurenti.

"Marahaba mwanangu. Fanya upesi. Hawa leo sina uwezo nao."

Anselmi alikuwa nje anawapanga watu kaya kwa kaya. Niliingia ofisini peke yangu, nikawasha mashine, nikaamuru ukurasa wa kwanza utoke. Printa ililia mara moja, ikanyamaza. Diski imejaa; hapakuwa na nafasi hata ya kuandalia karatasi moja. Nikajaribu tena. Ikanyamaza tena. Dirishani hapakuwa na kioo, nondo tu, na uso wa Mikaeli ulikuwa umeshabanwa kwenye nondo.

"Fundi, tunangoja nini?"

"Ngoja."

"Ulisema saa nne."

"Nimesema ngoja! Unataka nikutapikie karatasi?"

Watu wakacheka, Mikaeli hakucheka, na mimi nilikuwa nimeshachemka. Nikakumbuka lile Daftari la zamani limekaa bure kwenye diski, limeshika nafasi ya watu. Nikaandika amri ya kung'oa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Mashine haikung'oa papo hapo. Iliniuliza kwanza, na swali lile nililiandika mimi, kwa Kiswahili, siku nilipokifunga kile kifurushi, ili mtu asije akapoteza vitu kwa papara. Lilisema: folda hii ina mafaili 1,143, la mwisho limeandikwa jana, ning'oe? Jana. Daftari ambalo lilitakiwa kuwa halijaguswa tangu mwezi wa saba. Mtoto wa darasa la tatu angesoma pale akashtuka. Mimi niliona tu kwamba kuna swali, na nikajibu ndiyo. Mafaili 1,143 yalikwenda kwa sekunde nne.

Nikafungua Mipaka nianze kuchapa. Ikaniandikia kwamba hakuna shamba hata moja lililoandikishwa.

Niliifunga nikaifungua. Hakuna. Nikamwita Anselmi kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. Akaingia anatabasamu, na orodha ya kaya mkononi.

"Mashamba yako wapi?"

"Yamo, dada. La mwisho nimeliandika jana."

"Yamo wapi? Mipaka ni tupu!"

Alinitazama, akatazama kioo cha mashine, akasogea akasoma nilichokuwa nimeandika. Tabasamu likamwisha.

"Dada, umeng'oa Daftari?"

"Nilikuambia nitaling'oa. Nilikuandikia!"

"Uliandika. Ila dada, watu walikuwa wananiuliza, Daftari amekufa? Kama amekufa, nani amevaa jina lake? Siku nyingine hawakutaka hata kusema mipaka yao, wanasema huyo Mipaka hawamjui, hana ukoo. Jina haliachwi wazi, dada. Nikamvisha. Nilibadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, nikahamisha folda. Mipaka anaandika kwenye folda ya Daftari. Tangu hapo wakasema yote."

Alikuwa amefanya kazi safi. Nasema kwa haki yake. Alikuwa amelifanya jambo ambalo mimi, na ufundi wangu wote, nisingeliwaza: aliifanya mashine ikubalike. Kosa lake lilikuwa moja tu, hakuniambia. Langu lilikuwa mbele yangu kwenye kioo, na hata wakati ule, nimesimama pale, nilijua kwamba niliulizwa na nikajibu bila kusoma.

Nikampiga kofi.

Lilikuwa kofi la mkono wote, orodha ikamtoka mkononi, akayumba akashika meza. "Umefuta daftari la watu!" nikapiga kelele. "Umefuta kila kitu, mjinga mkubwa wewe!" Nilisema amefuta yeye. Lilinitoka bila kufikiri, na nilipoanza kufikiri lilikuwa limeshafika uwanjani.

"Kafuta!" Mikaeli alisema pale dirishani, kwanza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza. Kisha akageukia uwanja. "Anselmi kafuta daftari! Fundi kampiga!"

Kelele iliyotoka sijaisikia tena mahali popote. Upande wa kanisa walisema Anselmi amenunuliwa na Stambuli. Upande wa tangi walisema amenunuliwa na Mikaeli. Kwa mara ya kwanza tangu Februari ule uwazi wa katikati ukafutika, wakavuka wote kwa pamoja. Mlango ulisukumwa, mikono ikaingia, ikamkamata shati, shingo, nywele. Hakupigana. Alinitazama mimi.

"Dada, waambie," alisema.

Wakamtoa. Na mimi nikafunga mlango kwa komeo.

Nataka nieleze nilichofanya, kwa sababu kwa miaka mingi nimekieleza kama ushujaa. Kitu kikifutwa kwenye diski hakiondoki palepale. Mashine inasahau tu kilipokuwa. Ukiwahi kabla hakijaandikwa kingine juu yake, unaweza kukirudisha. Nikachomoa waya wa umeme ukutani mashine isiandike hata herufi. Nikaiwasha upya kwa diski ya uokozi niliyokuwa natembea nayo. Nikaiamuru ipitie diski yote, kipande kwa kipande, itafute yaliyofutwa. Nikakosea amri mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Nilijiambia: nikitoka na karatasi mkononi watanyamaza, nikitoka mikono mitupu watatuua wote wawili. Hilo ndilo nililojiambia.

Nje walikuwa wameanza. Niliona kwa dirishani, ingawa nilikuwa najizuia kutazama. Walimwangusha karibu na nguzo ya bendera. Mikaeli alikuwa na rungu la mwiba, akampiga goti, na mlio wake niliusikia mpaka ndani. Mtu alimpiga kwa ubapa wa panga mgongoni, mwingine akageuza upande. Mwanamke mmoja ambaye aliwahi kunipa maji ya kunywa alilibeba jiwe la kusagia kwa mikono miwili, akaliachia kwenye mkono wa Anselmi, ule wa kulia, wa kuandikia. Alipojaribu kuinuka, aliyemshika kwa nyuma ni Stambuli. Stambuli, ambaye mpwa wake alikatwa vidole na watu wa Mikaeli, alimkunja Anselmi mikono mgongoni ili Mikaeli apige vizuri. Mzee Laurenti aliingia katikati akisema maneno, akasukumwa, akaangukia kiganja, kikavunjika. Baada ya hapo hakuna aliyeingia katikati tena.

Mlango ukagongwa. Haukugongwa kwa fujo.

"Mwanangu," ilisema sauti. Ilikuwa ya Bi Filomena. "Mwanangu Witness, toka. Wewe ndiye mwenye mashine. Wewe watakusikiliza."

Akagonga tena.

"Wanamuua. Toka uwaambie jambo lolote. Waambie hata uongo."

"Nafanya kazi, mama," nilisema. "Nikimaliza watamwacha."

"Inamalizika lini?"

"Sasa hivi."

Haikuwa sasa hivi. Ilikuwa dakika arobaini. Na ukweli ambao sikumwambia ni kwamba ile kazi haikunihitaji. Mashine ilikuwa inatafuta yenyewe. Pale kwenye kioo namba zilikuwa zinapanda taratibu, mia mbili, mia tatu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mikono mapajani, sina ninachobonyeza. Ningeweza kutoka. Hatua sita mpaka mlangoni. Ningesema, aliyefuta ni mimi, mwacheni. Nilikaa. Bi Filomena alikuwa amelala kwa ubavu nje ya mlango, nilikuwa naona kitenge chake kwa chini ya mbao, na kila nguo ile ilipotikisika nilitazama zile namba.

Yalirudi mafaili 1,143, yote, halikukosekana hata moja. Niliyaweka mahali pake, nikafuta takataka nyingine kupata nafasi, nikaamuru kurasa za bonde la Luhembe zitoke kwanza. Printa ilianza kukwaruza. Nikachana karatasi, nikavuta komeo, nikamruka Bi Filomena, nikatoka.

"Limepatikana!" nilipiga kelele. "Daftari limepatikana!"

Wakasimama. Niliamini watanyamaza na kweli walinyamaza, rungu likiwa juu. Walinipisha njia. Nilisimama palepale, karibu na nguzo, na viatu vyangu vimekanyaga damu, nikasoma. Luhembe, kipande cha juu, kuanzia mkuyu mpaka jiwe jeupe, ukoo wa Stambuli. Kipande cha chini, kuanzia jiwe jeupe mpaka kivuko, ukoo wa Mikaeli. Maji kwa zamu, siku tatu tatu. Ndivyo walivyokubaliana wenyewe, hapakuwa na jipya.

"Ndivyo," alisema Stambuli, anahema.

"Ndivyo hasa," alisema Mikaeli. Alilitazama rungu lake, akaliweka chini polepole. "Kumbe lipo."

Mzee Laurenti alikuwa amekaa chini, ameshikilia kiganja chake kilichovimba. Alinitazama kwa muda. Mzee yule alikuwa amezeeka kwa kusikiliza kesi.

"Mwanangu," alisema, "nataka kujua jambo moja mbele ya watu hawa. Aliyefuta alikuwa ni Anselmi?"

Anselmi alikuwa hai. Alikuwa amelala kifudifudi, uso umegeukia upande wangu, jicho moja limefumba kabisa, la pili liko wazi. Alikuwa ananisikia. Watu mia mbili walikuwa wananisikia, na rungu lilikuwa chini, hatua moja kutoka mkononi mwa Mikaeli, na mimi nililitazama rungu lile kwanza ndipo nikajibu.

"Ndiyo," nilisema. "Ila kwa bahati mbaya."

Niliongeza hayo ya bahati mbaya nikidhani ni wema. Na Anselmi pale chini akatikisa kichwa kukubali. Alisogeza midomo, na Mzee Laurenti akainama kumsikiliza, kisha akasema kwa sauti: "Anasema ndiye."

Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka Mkuyuni. Waliobeba ni walewale, wawili kutoka kila upande, Mikaeli akiwa mbele kulia, na njiani walikuwa wanapokezana kwa upole, wanaambiana angalia shimo, angalia mzizi. Mimi nilifuata nyuma na Bi Filomena. Pale Mkuyuni tulipata pikapu ya mchuuzi wa kabichi ikatupeleka hospitali mjini, na mimi nilirudi karakana kwangu nikaoga, nikalala mpaka kesho yake saa saba mchana. Nililala vizuri. Sielewi mpaka leo nililalaje.

Nilikwenda kumwona Jumanne. Mkono wa kulia walikuwa wameukata, goti limefungwa, na figo, daktari alisema, zilikuwa zimegoma. Bi Filomena alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa juu chini, akanipisha nikae. Nikakataa. Akatoka kwenda kuchota maji, nadhani kwa makusudi, atuachie nafasi.

Nilikuwa nimejiandaa. Njiani kutoka karakana mpaka pale nilikuwa narudia maneno: Anselmi, mashine iliniuliza, nikajibu bila kusoma. Maneno machache tu, nilikuwa nayo mdomoni kabisa.

Yeye akaniwahi.

"Dada," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, nikainama. "Lilirudi lote?"

"Lote."

"La Luhembe nalo?"

"Lote, Anselmi."

Alifumba lile jicho zima, nikadhani amelala. Nikaanza kusema. Nilisema, "Anselmi, siku ile," na yeye akaanza kusema palepale, tukagongana, na mimi, ambaye kawaida yangu ni kumkatiza kila mtu, siku hiyo moja nikamwachia aseme.

"Nisamehe, dada. Ningekuandikia barua kwamba nimelihamisha. Nilijua utakuja kung'oa, nikasahau. Wewe ungejuaje? Karibu niue kijiji kizima. Wewe ndiye uliyeokoa." Alipumzika, akavuta pumzi. "Tangu juzi najiuliza kama una kinyongo na mimi. Umenisamehe?"

Bi Filomena alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni na maji, anangoja jibu langu kama mwanawe.

"Nimekusamehe," nilisema.

Alishukuru. Mama yake naye alinishukuru, akaniletea ile ndoo nikae, na safari hii nilikaa. Anselmi alifariki Alhamisi asubuhi.